Semeni wa Wino wa Chai

Jumatatu, 7 Julai 2025. Sabasaba.

Wengine wanasherehekea. Mimi nimekwenda kuangalia kibanda changu cha fotokopi na kukuta kimechorwa X nyekundu. Barabara inapanuliwa. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. X yenyewe mbaya, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Wangenipa mimi rangi ingependeza.

Hosiana, mke wangu, hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Aliendelea kushona sketi ya shule, akasema bila kuinua kichwa kwamba mpango wangu wa kwanza ulikuwa sungura, wa pili ulikuwa kuuza vyeti vya ndoa vya kupamba ukutani, na wa tatu anaona hata aibu kuutaja. Sasa anataka kitu kimoja tu, chenye udongo. Shamba. Nikirudi tena nyumbani na karatasi, atabeba cherehani yake aende kwa dada yake Mzumbe na hatarudi.

Shamba? Mbona rahisi! Babu mzaa baba alitoka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Na mwezi uliopita mteja mmoja alikuja kutoa kopi ya tangazo la ukoo wa babu huyo huyo. Kuna shamba huko juu, lina maji mwaka mzima, halina mtu. Anayejijua ni wa ukoo aje na uthibitisho, kikao ni Jumamosi. Nilitoa na kopi moja ya kwangu. Mtaalamu wa nyaraka halali usingizi.

Nilipomwonyesha, Hosiana alitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Akasema: karatasi.

Jumanne, 8 Julai

Nimefika Mgeta. Ukungu mtupu. Nimeshuka kwenye basi na kusalimia mtu ambaye baadaye ilibainika ni gunia la kabichi.

Nimefikia kwa mzee Tomasi, katekista, anayetunza vitabu vya zamani vya parokia. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya vifo, vyote kwenye kabati moja la sakristia. Ufunguo anauvaa shingoni pamoja na rozari. Mtu mpole. Chai yake ya rangi nzito mno, inaacha alama kwenye kikombe. Nimeliweka hilo akilini.

Nimekutana pia na adui. Anaitwa Ezekiel, analima karoti, ana gamubuti mpya na anatembea kwa namna ya kuhakikisha unaziona. Aliniuliza kama nimekuja kununua mboga. Nikamjibu nimekuja kuchukua shamba langu. Akasema na yeye ameliomba mara mbili. Nikamuuliza kwa nini hajapewa. Akatazama miti iliyo juu ya njia, akasema Bibi Mwanvita, mkubwa wa ukoo, kila mara anamjibu kwamba mwenyewe atakuja.

Vizuri sana. Nimekuja.

Jumatano, 9 Julai

Ushindi, halafu aibu. Siku moja, yote mawili.

Asubuhi nilikaa na vitabu. Harufu ya panya na ubani. Baba nimempata! Babu nimempata! Baba wa babu nimempata, kabatizwa 1911! Nimechora ukoo mzima kwenye karatasi ya A3, mistari kwa rula, nikaigonga muhuri wangu wa KOPI HALISI. Kazi safi.

Katika kutafuta nimegundua jambo la kufurahisha. Kitabuni, pembeni ya majina mengi, kumeandikwa "mtu wa kuja". Kutoka Ungulu. Kutoka Uhehe. Kutoka pwani. Nusu ya ukoo huu unaojidai wa hapa hapa ulipanda mlima huu na mizigo kichwani. Hata bibi wa bibi yake Ezekiel! Mtu wa kuja, 1913! Nimemhurumia kwa moyo wote, kisha nimenakili.

Jioni nikawaonyesha wazee. Bibi Mwanvita aliomba asomewe polepole. Nilipofika kwa baba, mzee mmoja alianza kutikisika mabega. Nilipofika kwangu walikuwa wanafuta machozi wote. Kumbe! Huku mtoto ni wa mama. Ardhi inapita kwa mama. Bibi Mwanvita alinieleza taratibu, kama anamweleza mtu aliyeanguka. Babu yako, mwanangu, alikuwa wetu kabisa. Baba yako alikuwa wa mama yake. Na wewe ni wa mama yako. Sasa mama yako ni wa wapi?

Mama alizaliwa kwenye kambi ya mkonge Kilosa. Bibi yangu mzaa mama alifikaje huko, hakuna ajuaye.

Ezekiel alinisindikiza hadi kwa Tomasi. Alisema A3 ni nzuri sana kufungia karoti.

Miaka arobaini na sita najiita Mluguru, nimehesabu upande usiokuwa wangu! Sijamwambia Hosiana.

Alhamisi, 10 Julai

Akili yangu wakati mwingine inanishangaza mwenyewe.

Kitabu cha ubatizo cha mwaka 1919 kina ukurasa ulioachwa nusu wazi. Na bibi yangu mzaa mama hana kwao. Ukurasa unataka mtu, bibi anataka mama. Nani mwingine angeliona hili?

Mchana Tomasi alikwenda kufundisha watoto wa kipaimara. Akaniachia ufunguo, masikini. Nilichanganya chai yake na masizi ya sufuria kwenye kikombe. Nikachonga unyoya wa kuku. Nikajaribu kwanza mkononi. Rangi ile ile ya miaka mia! Kisha nikaandika:

"Semeni, mtu wa kuja. Ametoka Ugogo wakati wa njaa kubwa, na mtoto wa kike mgongoni. Amepokelewa na ukoo."

Mtoto ndiye bibi yangu. Mimi hapa, Kasiani, wa ukoo, kwa mama, kwa bibi, kwa Semeni. Nilikunja mikono nikajitazama kwenye kioo cha kabati.

Lakini mwongo mzuri huweka kitu kidogo kisicho na faida. Kwa hiyo nikaongeza: "Mkono wa kushoto una vidole vinne." Sijui nilikitoa wapi. Kilikuja tu.

Nilipoandika neno la mwisho ukungu ulikuwa umeingia sakristia, umefika magotini. Dirisha lilikuwa limefungwa. Majengo ya zamani haya hayana hata ubora.

Ijumaa, 11 Julai

Chai ya Tomasi haina mfano duniani. Leo wino umekauka, umefifia, umekuwa kahawia kabisa. Mdudu ametoboa tundu katikati ya herufi ya kwanza ya Semeni, na tundu linapita kurasa tatu kwenda nyuma. Siku moja tu! Nikirudi mjini nitaitafutia soko.

Chini ya mstari wangu kuna neno moja zaidi, mwandiko wangu. "Aliahidi." Sikumbuki kuliandika. Uchovu.

Nilimwonyesha Tomasi kwa mshangao niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Nilitegemea aulize maswali, nina majibu kumi na moja. Hakuuliza. Alisoma, akafunga kitabu, akavaa koti, akaenda kumwita Bibi Mwanvita.

Bibi Mwanvita hajui kusoma. Kabla Tomasi hajafungua kinywa, aliniuliza kama kitabu kimetaja mkono. Nikasema kimetaja. Akasema wa kushoto. Nikasema wa kushoto. Akakaa chini palepale sakafuni, akasema bibi yake alikuwa akimsimulia Semeni, jinsi alivyokuwa akifagia na ufagio unaacha mistari minne vumbini.

Wazee jamani. Ukiwapa kidogo wanamalizia wenyewe.

Ila Ezekiel. Nilitegemea apinge, apige kelele, adai ushahidi. Alisimama akanipa kiti chake. Akasema, karibu kaka. Akatoka akiwa amesahau kofia.

Jumamosi, 12 Julai

NINA SHAMBA!

Kikao kilikuwa cha dakika chache. Bibi Mwanvita aliniuliza mbele ya watu wote kama naipokea nafasi ya Semeni. Nikasema naipokea. Akauliza kama naipokea yote. Yote! Akauliza mara ya tatu. Nikapaza sauti mpaka mbwa akaamka. Wanawake wakapiga kigelegele kimoja, kifupi, wakaanza kukunja khanga zao kuondoka.

Kisha wakanieleza mambo, sikusikiliza vizuri kwa sababu nilikuwa napima ardhi kwa macho. Semeni alipokelewa akiwa na njaa. Alipewa chakula na mahali. Na yeye akaahidi yeye na watu wake watakuwa hapo siku zote. Halafu asubuhi moja akashuka na mtoto wake, hakuonekana tena. Tangu hapo panamngoja. Kitu kama hicho.

Ni karibu eka nzima! Udongo mweusi, kijito pembeni, miti mikubwa kuzunguka. Na nyumba juu yake! Ya udongo, ndogo, imefagiwa. Kigoda kipo. Chungu kipo. Nilipoinama kwenye mafiga majivu yalikuwa ya vuguvugu. Nikamuuliza Ezekiel nani anakaa humu. Akasema hakuna mtu. Nikauliza nani anafagia. Akasema alidhani mimi ndiye ninayemjua.

Nimepanda kwenye jiwe lenye mtandao nikamwandikia Hosiana: shamba tayari, lina udongo. Amejibu: piga picha. Nimepiga sita. Zote zimetoka ukungu, na kwenye ya nne kuna mtu amesimama mlangoni. Nimemtumia hizo tano.

Jumapili, 13 Julai

Nimelala nyumbani kwangu. Nimeamka, pamefagiwa.

Nikakata vigingi ishirini ya kuwekea mipaka ya matuta. Kabichi huku, karoti kule ili Ezekiel aone. Nikaenda misa. Nikarudi, vigingi vyote vimeng'olewa, vimelazwa chini kwa mistari, kila kimoja kichwa upande mmoja.

Nikamfuata Ezekiel kwa hasira. Alikuja, akatazama, hakutaka kuingia. Akaniuliza kwa upole kama kweli sikusikiliza jana. Hapa hakupandwi kitu. Haya ni makaburi ya ukoo, tangu wa kwanza waliopanda mlima. Kila kigingi kililazwa juu ya mwenyewe. Alichoahidi Semeni ni kuwatunza: kufagia, kuwasha moto, kukaa. Shamba maana yake ni hiyo.

Makaburi! Nimeshinda eka nzima ya makaburi!

Nikamuuliza kwa nini basi aliliomba. Akasema mama yake amezikwa hapo, na alikuwa anaona vibaya mama akae peke yake. Nikamrudishia kofia yake.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamua kuondoka. Kimya kimya, bila ugomvi. Nikachukua begi, nikashuka njia ya stendi. Njia ni moja, inateremka, mtoto angeifuata. Nikatembea nusu saa kwenye ukungu nikafika nyumbani kwa Semeni. Nikashuka tena. Nikafika nyumbani kwa Semeni. Mara ya tatu nilihesabu hatua kwa sauti. Mia nne na kumi, zote za kuteremka. Na mlango ule pale, wazi, na moshi.

Nitawaandikia wanaohusika kuhusu alama za barabarani.

Lile jiwe la mtandao lakini limenikubalia. Nikampigia Hosiana. Alikuwa amepoa sauti, kwa ubaya. Akasema amepiga simu yangu asubuhi na amepokea mwanamke. Mwenye adabu sana, amemwamkia, amesema Kasiani yuko anafagia, akimaliza ataambiwa. Hosiana akataka kujua huyo ni nani. Nikaapa simu ilikuwa mfukoni. Akakata.

Kinachonikera si hicho. Kinachonikera ni kwamba asubuhi kweli nilikuwa nafagia. Nilijikuta na ufagio mkononi na nusu ya uwanja umeisha. Nani aliniambia nifagie? Na nilifagia vizuri.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Naogopa, na ninamtaka mke wangu.

Jumanne, 15 Julai

Nimekiri. Nilimwendea Tomasi nikapiga magoti kabisa. Chai, masizi, unyoya, yote. Semeni hakuwahi kuwepo, nilimtunga Alhamisi saa nane mchana.

Tomasi akaniinua. Akafungua kitabu cha 1913, ukurasa wa bibi wa bibi yake Ezekiel. Akaniambia ninuse. Nikanusa. Chai! Akafungua 1922, wale waliotoka pwani. Chai na masizi. Akasema watu walikuja na njaa, na wa kwao hawakujulikana, basi kila mmoja aliomba aandikwe, na aliyeandika alimwekea mama, na bibi, na mahali. Huku hakuna aliyekuwa wa hapa mpaka alipoandikwa. Na akishaandikwa, anakuwa alikuwepo. Kitabu hakiulizi kalamu ni ya nani.

Nikamwomba wembe. Akanipa bila kubisha. Nikakwangua Semeni mpaka karatasi ikawa nyembamba, mwanga unapita. Tukanywa chai. Tulipofungua tena, Semeni alikuwa amerudi, na tundu la mdudu, na lile neno, Aliahidi. Kilichokwanguka ni ncha ya kidole changu kidogo, cha kushoto. Hakiumi. Hakina hisia kabisa.

Tomasi alinishika bega. Akasema kilichoandikwa humu ndicho kilichokuwa, nikae kwa amani, kazi yenyewe si nzito.

Nimekaa. Nimefikiri. Kilichoandikwa ndicho kilichokuwa. Kilichoandikwa. Ngoja kwanza!

Alhamisi, 17 Julai

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa napanga. Leo nimetekeleza. Huu ndio mpango bora wa maisha yangu na nausema nikiwa nimetulia.

Tatizo ni nini? Mlinzi wa makaburi ni Kasiani. Kitabu cha ubatizo hakifutiki. Lakini kabatini kuna vitabu vya aina tatu! Kuna kitabu cha vifo. Na marehemu hafagii. Marehemu ameachiliwa kila kitu, hata ahadi za bibi zake. Tomasi ana akili ya kanisa, hana akili ya nyaraka.

Nilisubiri aende kwa watoto wa kipaimara. Chai kikombe kizima, masizi ya leo, unyoya mpya. Nikaandika kwa utulivu, herufi zimelala vizuri:

"Kasiani, wa ukoo wa Semeni. Amefariki Alhamisi tarehe 17 Julai. Amezikwa Ijumaa tarehe 18."

Nikapuliza. Nikagonga na muhuri, kwa heshima. Ukungu ulikuwa umefika kifuani lakini sikuujali. Mkono ulikuwa mwepesi. Mwili mzima mwepesi. Kile kidole hata sikisikii tena, wala vingine.

Kesho naondoka!

Ijumaa, 18 Julai

Imefanya kazi! Nimeamka, ukungu hakuna. Mara ya kwanza naiona Mgeta yote, matuta ya mboga mpaka chini kabisa, na njia ya stendi imenyooka. Begi silioni lakini sikuwa na kitu cha maana.

Watu wa huku wamekuwa na kiburi ghafla. Nimemwamkia Bibi Mwanvita shikamoo mara tatu, amepita bila kuitikia. Tomasi naye hivyo hivyo. Mzee wa watu, nilidhani tumeelewana.

Kisha nikaelewa. Kuna msiba! Kengele imepigwa asubuhi. Wanawake wamepita na kuni na masufuria. Wanaume wameingia kwenye miti yangu na majembe, wanachimba karibu na kijito. Ezekiel ndiye anayechimba kwa nguvu kuliko wote, gamubuti zimejaa tope, na analia. Sikujua kama ana moyo huo. Atakuwa mtu wao wa karibu. Nimemwambia pole, ameendelea kuchimba.

Bahati gani! Wote watakuwa hapa mpaka jioni. Nitashuka bila mtu kuniona.

Saa nne basi la mjini limefika, na nani ameshuka? Hosiana! Yeye na dada yake wa Mzumbe. Nimekimbia mpaka kwake. Amenipita. Bado ana hasira ya yule mwanamke wa kwenye simu. Amejifunga khanga mbili, macho yamevimba, na mkononi ameikunja suti yangu ya harusi. Ya nini? Labda amesikia huku kuna baridi. Nimemwonyesha udongo, nimemwambia tazama ulivyo mweusi, hakutazama.

Ni mmoja tu aliyeitikia salamu yangu leo. Mama mmoja mlangoni kwangu, mtoto mgongoni. Amenipa ufagio. Nimemwambia mimi ni wa kupita, naondoka na basi la mchana. Ameucheka mpango wangu, si kwa ubaya.

Hosiana amekaa kwenye ngazi za sakristia. Nimekaa kando yake saa nzima. Nimemweleza kila kitu tangu ile X, hata ya A3, na hakucheka. Hanisikii. Nimejiuliza kwa nini, na jibu limekuja lenyewe, kama kawaida yangu. Huku asiyeandikwa hayupo. Hosiana hayumo kitabuni! Ndiyo maana hatuelewani.

Sakristia iko wazi, wote wako kaburini. Nitaandika mstari mmoja tu, chini ya wa kwangu: "Hosiana, mke wake, amemfuata siku hiyo hiyo." Maana yake mpaka stendi. Tutarudi nyumbani pamoja.

Chai imebaki nusu kikombe. Inatosha.